Maswali na Majibu: Kupima Shingo, Tezi za Limfu na Tezi ya Thairoidi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu shingo. Zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi, kwa wauguzi waliokwisha kuzoea kazi, na mojawapo imetoka kwa mzazi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha bila kubadili maana yake.

Shikamoo Sista. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Kila mwalimu wetu anaanzia mahali pake anapopima shingo: mmoja anaanza na tezi za limfu, mwingine na thairoidi, mwingine anasisitiza tutazame kwanza bila kugusa. Ni mpangilio upi ulio sahihi?

Marahaba, mwanangu. Anayekuambia utazame kwanza anakutendea haki, ingawa hata kabla ya kutazama kuna swali moja ambalo halipaswi kurukwa: je, mtu huyu ameanguka, amepata ajali au amepigwa? Ikiwa kuna shaka yoyote kwamba uti wa mgongo wa shingo umeumia, shingo isigeuzwe wala kuinamishwa, na upimaji ninaoueleza hapa usubiri mpaka shingo imethibitishwa kuwa salama.

Baada ya hapo uliza habari za maumivu, uvimbe, ugumu wa kumeza, mabadiliko ya sauti, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mweke mgonjwa akae wima, nguo na mapambo yaondolewe hadi mitulinga yote miwili ionekane, na mwanga utoke ubavuni, kwa sababu mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta vivuli ambavyo ndivyo vinavyoonyesha uvimbe mdogo. Linganisha kulia na kushoto. Utauona msuli mrefu unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mfupa wa kidari na mtulinga; msuli huo unagawa kila upande wa shingo katika eneo la mbele na eneo la nyuma, na karibu kila kitu utakachokieleza baadaye utakieleza kwa kuutaja. Angalia makovu pia. Kovu la upasuaji wa thairoidi hukaa chini ya shingo, limelala ndani ya mkunjo wa ngozi, na ni rahisi sana kulipita.

Kisha mwombe aguse kifua kwa kidevu, atazame juu, ageuze kidevu kuelekea kila bega, na alaze sikio kuelekea kila bega, yeye mwenyewe bila kusukumwa. Shingo inayokakamaa na kuuma inapoinamishwa mbele, kwa mtu mwenye homa na maumivu ya kichwa, inaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo, na hapo unaacha mengine na kumwita daktari. Bomba la hewa lipime kwa kuweka kidole taratibu kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari na kulinganisha nafasi iliyobaki kila upande. Bomba likiwa limesogea, tatizo mara nyingi limo kifuani: hewa iliyobanwa au maji mengi upande mmoja hulisukuma kwenda upande wa pili, ilhali pafu lililosinyaa hulivuta upande wake. Mapigo ya ateri ya karotidi, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani kupitia kando ya shingo, yapapase upande mmoja kwa wakati mmoja, kamwe si pande zote mbili pamoja, maana kufanya hivyo kunaweza kupunguza damu inayokwenda kwenye ubongo na kushusha mapigo ya moyo.

Ndipo zifuate tezi za limfu, kisha thairoidi. Kama mwalimu wako anatanguliza thairoidi, mfuate bila wasiwasi. Ninachokuomba ushikilie ni kwamba mpangilio wako usibadilike kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, kwa sababu anayeanzia popote huishia kusahau sehemu fulani, na kwamba mahali mgonjwa alipokuambia panauma pawe pa mwisho kuguswa.

Ninafanya kazi katika idara ya wagonjwa wa nje. Ninapopapasa shingo siwi na hakika kama nimegusa tezi ya limfu, msuli au mshipa wa damu. Na hata nikiwa na hakika, sijui ni ipi ya kuachwa na ipi ya kumpelekea daktari. Naomba maelezo ya kina.

Swali lako ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu linahusu kazi ambayo muuguzi anaweza kuifanya vizuri kabisa bila mashine yoyote.

Tumia nyama za ncha za kidole cha shahada na cha kati. Usiteleze vidole juu ya ngozi, bali isogeze ngozi yenyewe, kwa miduara midogo, juu ya kilicho chini yake. Mguso uwe mwepesi: anayebonyeza kwa nguvu huizamisha tezi ndogo ndani ya misuli na kudhani haipo. Kichwa cha mgonjwa kiinamishwe kidogo mbele na kuelekea upande unaoupima ili misuli ilegee. Anza mbele ya sikio, nenda nyuma ya sikio, kisha kisogoni pale fuvu linapoishia. Rudi kwenye pembe ya taya, fuata chini ya taya hadi chini ya kidevu. Kutoka hapo shuka juu ya ule msuli mrefu, kisha nyuma yake kufuata ukingo wa msuli wa bega. Tezi za ndani zaidi zimefichwa na msuli huo huo, kwa hiyo inabidi uuzungushie kidole gumba na vidole vingine na kupapasa pande zake zote mbili. Malizia juu ya mtulinga, katika pembe inayofanywa na mtulinga na msuli, huku mgonjwa amelegeza mabega na kuvuta pumzi ndefu.

Sasa kuhusu kutambua ulichokigusa. Tezi ya limfu unaweza kuibingirisha kwa njia mbili, juu na chini, kisha upande hadi upande. Msuli na ateri havikubali kubingirishwa kwa njia zote mbili. Ateri, tena, inapiga. Kuna vitu vingine viwili ambavyo huwapotosha wengi. Chini ya taya ipo tezi ya mate, ambayo ni kubwa zaidi na ina uso wenye mabonde madogo. Kati ya pembe ya taya na mfupa wa nyuma ya sikio, kwa mtu mwembamba, utagusa kitu kigumu kama jiwe ambacho ni sehemu ya pingili ya kwanza ya shingo. Ukikikuta pande zote mbili mahali pale pale, usimtie mtu hofu.

Kugusa tezi si sawa na kukuta ugonjwa. Watu wazima wengi wenye afya wana tezi ndogo za shingo zinazoguswa: ziko chini ya sentimita 1, laini, zinasogea, haziumi. Tezi inayouma, yenye joto na iliyojitokeza ndani ya siku chache kwa kawaida inapambana na maambukizi, na kazi yako ni kutazama eneo ambalo maji yake ya limfu yanatoka. Tezi za chini ya taya zikivimba, fungua mdomo utazame meno na ufizi. Za kisogoni zikivimba, pekua ngozi ya kichwa. Iliyo mbele ya sikio itakupeleka kwenye jicho. Muuguzi anayeandika kwamba kuna uvimbe chini ya taya bila kutazama mdomoni ameishia nusu ya njia.

Zipo tezi zinazotaka haraka zaidi. Tezi ngumu, isiyosogea, isiyouma, hasa kwa mtu mzima anayevuta tumbaku au kutumia pombe kwa wingi, inatia shaka ya saratani, na mara nyingi chanzo chake kimo mdomoni, kooni au kwenye kikoromeo. Tezi za limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, mara nyingi huwa imara lakini zenye kunepa kama mpira. Tezi zilizogandana pamoja, zinazokua taratibu na baadaye kulainika katikati bila joto kubwa la ngozi, hata kupasuka na kutoa usaha kwa muda mrefu, zinaelekea kuwa za kifua kikuu. Tezi zilizovimba shingoni, kwapani na kinenani kwa pamoja zinaonyesha jambo la mwili mzima, kwa mfano VVU, magonjwa mengine ya virusi, magonjwa ya damu, au hata dawa kama fenitoini ya kifafa; kwa hiyo usiishie shingoni, papasa pia kwapa, kinena, ini na wengu.

Na iko moja ambayo siikubalii kusubiri hata kidogo, nayo ni tezi iliyo juu ya mtulinga. Hii inapoguswa, hata kama ni ndogo, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Upande wa kushoto ndiko mfereji mkuu wa limfu wa mwili unakomwaga, ukiwa umekusanya limfu kutoka tumboni, nyongani na miguuni, na ndiyo maana saratani ya tumbo inaweza kujitokeza kwanza hapo. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza uhusiano huo mwaka 1848, na tezi hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Ile ya kulia huhusiana zaidi na mapafu, umio na katikati ya kifua.

Kwa tezi nyingine ambazo hazina sifa hizo za kutisha, kipindi cha wiki 4 hadi 6 ndicho kinachotumika sana: ikiwa haijapungua ndani ya muda huo, au inakua, au inaambatana na homa isiyoelezeka, jasho jingi la usiku na kukonda, rufaa isicheleweshwe.

Mtoto wangu ana miaka minne. Tangu alipougua mafua ana vinundu vidogo shingoni, ni wiki kadhaa sasa. Anacheza na kula vizuri. Je, niogope?

Ndugu mzazi, mtoto anayecheza na kula vizuri ametupa habari njema tayari. Katika umri huo mwili unakutana na vijidudu vingi kwa mara ya kwanza, na tezi ndogo zinazosogea shingoni ni jambo la kawaida sana; baada ya mafua au maumivu ya koo zinaweza kuchukua wiki nyingi kurudi katika ukubwa wake. Usizibonyeze kila siku, kwa maana kubonyezwa mara kwa mara huziudhi. Mpeleke kituoni zikizidi sentimita 2, zikiendelea kukua, ngozi juu yake ikiwa nyekundu au yenye maumivu makali, akipata homa isiyoisha, akikonda, akitokwa na jasho jingi usiku, au uvimbe ukiwa juu ya mtulinga. Akishindwa kumeza mate, akipumua kwa shida au akikataa kugeuza shingo, mpeleke saa hiyo hiyo.

Nimefundishwa kupima tezi ya thairoidi nikiwa nyuma ya mgonjwa, lakini kusema kweli sijawahi kuihisi. Wenzangu wanasema wanaihisi. Je, tatizo ni mikono yangu?

Si lazima. Tezi ya thairoidi ya kawaida kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi, ni laini, na kwa watu wengi, hasa wenye shingo nene au fupi, haiguswi kabisa. Kuandika kwamba haikuguswa ni jibu kamili. Hata hivyo ni kweli kwamba wengi hawaihisi kwa sababu wanaitafuta juu mno.

Shuka kwa kidole katikati ya shingo. Utakutana kwanza na gegedu kubwa la kikoromeo, lile linalotokeza zaidi kwa wanaume. Chini yake kuna kijishimo, kisha gegedu jembamba la mviringo. Chini ya hilo la pili ndipo ilipo sehemu nyembamba ya thairoidi inayounganisha pande zake mbili, na pande zenyewe zimejificha kando ya bomba la hewa, zikifunikwa kwa sehemu na ule msuli mrefu.

Kabla ya kuweka mkono, mpe mgonjwa glasi ya maji. Ainue kidevu kidogo, anywe fundo moja, nawe utazame chini ya shingo. Thairoidi imefungwa kwenye utando ulioshikana na bomba la hewa na kikoromeo, kwa hiyo hupanda anapomeza, na uvimbe unaopanda pamoja na kumeza karibu kila mara unahusika nayo. Uvimbe wa katikati ya shingo unaopanda pia mgonjwa anapotoa ulimi nje huelekea kuwa uvimbe wa maji uliobaki kwenye njia ambayo thairoidi ilishukia wakati mtoto akiumbwa tumboni.

Ukiwa nyuma, mwombe ainamishe kidevu kidogo ili misuli ilegee. Kwa vidole vya mkono wa kushoto lisukume bomba la hewa taratibu kuelekea kulia, na kwa vidole vya kulia upapase upande wa kulia wa tezi kati ya bomba na msuli. Ameze maji, nawe uihisi ikipanda chini ya vidole. Kisha fanya hivyo kwa upande wa pili. Mbinu ya kusimama mbele ni halali vile vile, na hapa naomba niseme jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Kusimama nyuma ya mtu na kumzungushia mikono shingoni ni kitendo kizito. Wapo wagonjwa waliowahi kukabwa, na hawatakuambia. Mweleze kila hatua kabla ya kuifanya, mwombe ruhusa, mwambie anaweza kukusimamisha kwa kuinua mkono, na ukiona amekaza mabega au ameshika pumzi, njoo mbele ambako anakuona. Mimi binafsi napendelea mbele kwa kila mgonjwa nisiyemfahamu.

Ukiihisi, jiulize kuhusu ukubwa, ulaini, vinundu na maumivu. Katika uchunguzi wa goita, yaani thairoidi iliyovimba, kwenye jamii, upande wa tezi huhesabiwa kuwa umekua ukiwa mkubwa kuliko pingili ya mwisho ya kidole gumba cha yule anayepimwa, si cha anayepima. Shirika la Afya Duniani linatumia madaraja matatu: 0 kama hakuna goita inayoguswa wala kuonekana, 1 kama inaguswa lakini haionekani shingo ikiwa katika hali yake ya kawaida, na 2 kama inaonekana wazi shingo ikiwa katika hali hiyo. Kinundu kimoja kigumu, kinachokua, chenye kuandamana na sauti ya kukwaruza au tezi za limfu za shingoni, kinahitaji rufaa ya mapema. Tezi ikiwa imekua, weka stetoskopu juu ya kila upande huku mgonjwa ameshika pumzi: mvumo unaosikika huashiria damu inayopita kwa wingi, jambo linaloonekana katika thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Na ukishindwa kuhisi mwisho wa chini wa goita, huenda imeshuka nyuma ya mfupa wa kidari. Mgonjwa akiinua mikono yote juu ya kichwa kwa dakika moja na uso ukajaa damu au pumzi ikabana, hiyo ni dalili iliyoelezwa na daktari Hugh Pemberton mwaka 1946, na inadai hatua za haraka.

Tafadhali usihukumu utendaji wa tezi kwa ukubwa wake. Goita kubwa inaweza kuwa inatoa homoni kiasi cha kawaida, na tezi isiyoguswa inaweza kuwa imedhoofika kabisa. Majibu ya utendaji hutoka kwenye damu, na dokezo lake hutoka kwenye mwili mzima: mapigo ya haraka, mikono inayotetemeka na yenye jasho, kukonda huku hamu ya kula ikiwa nzuri, na macho yaliyotokeza; au, kwa upande wa pili, mapigo ya polepole, ngozi kavu, uchovu, kuhisi baridi na choo kigumu. Kwa hiyo shika mkono wa mgonjwa uhesabu mapigo kabla hujaondoka. Tezi inayouma sana, au mgonjwa mwenye homa kali, kuchanganyikiwa na mapigo ya kasi mno, haipapaswi kwa nguvu wala kurudiwa rudiwa; mwite daktari.

Nipo wodi ya upasuaji. Mgonjwa akirudi baada ya kuondolewa thairoidi, nitazame nini usiku?

Pumzi, kabla ya kitu kingine chochote. Damu inayovujia ndani ya kidonda hubana njia ya hewa, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Tazama kama shingo inajaa, kama mgonjwa analalamika kubanwa, hatulii, au anatoa sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa. Pitisha mkono nyuma ya shingo na mabega, kwa sababu damu hufuata mteremko na bandeji ya mbele inaweza kubaki kavu. Ukiona dalili hizo, ita msaada papo hapo; vifaa vya kufungulia kidonda viwe kando ya kitanda tangu mwanzo, kwa kuwa kuachia damu iliyojaa kunaweza kuhitajika hapo hapo kitandani. Msikilize pia akizungumza: sauti iliyokwaruza huenda ni ya mpira wa kupumulia uliokuwa kooni wakati wa upasuaji, lakini inaweza kuwa neva ya kikoromeo imeguswa. Ganzi na kuwashwa-washwa kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole ni dalili ya kalisi iliyoshuka, ambayo huonekana zaidi katika siku 1 hadi 3 za kwanza, na haisubiri zamu ya asubuhi.

Katika kituo chetu tunaandika tu "shingo: kawaida". Msimamizi mpya anasema haitoshi. Je, anatuonea?

Hawaonei. Neno "kawaida" linaeleza hukumu yako, ila halielezi ulichokifanya, na muuguzi atakayempima mgonjwa huyo wiki tatu baadaye hawezi kulinganisha mikono yake na ya kwako. Andika ulichokiona na kukigusa, na jina la ugonjwa uliache mpaka vipimo vilitoe. Kwa mgonjwa asiye na shida inatosha hivi: "Shingo ina ulinganifu, inageuka pande zote bila maumivu. Bomba la hewa liko katikati. Tezi za limfu hazikuguswa. Thairoidi haionekani, haikuguswa, hakuna uvimbe unaopanda anapomeza." Na kwa mwenye uvimbe: "Tezi moja, upande wa kushoto, chini ya pembe ya taya, sentimita 2 kwa 1.5, imara, inasogea, inauma ikiguswa, ngozi juu yake ni ya kawaida. Jino la nyuma la chini kushoto limetoboka, ufizi umevimba. Hakuna tezi juu ya mitulinga. Ameelekezwa kwa daktari wa meno, atapimwa tena baada ya wiki 2." Pima kwa rula, usikadirie kwa macho, na tarehe ya kumpima tena iandikwe pia kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa.